Twiga mkiani: kuunda Boeing 787 ya Air Tanzania mezani kwako Dodoma

Fungua boksi lolote la ndege ya plastiki lililotengenezwa Urusi, Japani, Ujerumani au Uingereza: karatasi ya alama iliyomo ndani, yaani dekali, mara nyingi ni ya shirika la nchi za watu. Twiga wa Air Tanzania humkuti humo. Anayetaka ndege ya kwetu kwenye rafu yake inabidi amchape twiga mwenyewe, na kazi hiyo inafanyika hapa hapa Dodoma kwa kompyuta ya kawaida, printa ya steshenari na uvumilivu.

Mwongozo huu unafuata ndege moja kuanzia boksi hadi rafuni: Boeing 787-8 yenye namba ya usajili 5H-TCG, iliyoingia nchini Julai 2018, kwa skeli ya 1/144. Hatua zote nimezipanga kwa kuangalia dekali itahitaji nini, kwa sababu dekali ni ngozi nyembamba isiyoficha kitu. Chembe ya vumbi iliyonasa kwenye rangi, mkwaruzo wa msasa, alama ya kidole, vyote vitaonekana zaidi ukishabandika alama juu yake.

Hatua ya 1: Kuchagua ndege

Skeli ya 1/144 maana yake kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa 144. Boeing 787-8 ina urefu wa mita 56.7, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 60.1. Mezani itakuwa sentimita 39.4 kwa 41.7, na rafu ya kawaida inaibeba. Kwa skeli ya 1/72 ndege hiyo hiyo ingekaribia sentimita 79, kwa hiyo skeli hiyo waachie wenye ndege ndogo.

Zvezda ya Urusi na Revell ya Ujerumani zote zimetoa 787-8 kwa 1/144. Mimi napendelea ya Zvezda kwa jinsi vipande vyake vinavyokaa. Pati, yaani rojo la kuzibia mianya ya viungo, utahitaji kidogo tu. Kabla ya kulipa kagua injini. Za Air Tanzania ni Trent 1000 za Rolls-Royce, wakati mashirika mengine yanatumia GEnx za General Electric. Tazama picha za vipande vyenyewe, usiridhike na mchoro wa jalada.

Kama unaanza kabisa na hujawahi kushika gundi ya plastiki, fikiria kwanza DC-3. East African Airways ilizirusha kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977, na Airfix na Italeri zote zina boksi la 1/72 ambalo mabawa yake yanafika kama sentimita 40. Wapenda historia ya mji wetu wangetamani de Havilland Hercules ya injini tatu, maana Imperial Airways ilipofungua njia yake ya kwenda Cape mwaka 1932, Dodoma ilikuwa kituo kati ya Moshi na Mbeya. Lakini boksi la Hercules ni adimu mno, na halimfai anayeanza.

Usitegemee kukuta boksi hili kwenye maduka ya mjini. Utaagiza nje na kulipokea Posta au kwa kampuni ya usafirishaji, au utamtuma ndugu anayesafiri. Ukiagiza, jumuisha mara moja vitu vyote vidogo visivyo vya majimaji yanayowaka: karatasi ya dekali, vipuri vya shaba, tepu nyembamba ya kufunikia rangi. Gundi, tina na makopo ya kupuliza vina masharti makali kwenye mizigo ya ndege na mara nyingi vinakataliwa. Uliza pia ushuru mapema ili gharama yake isikukute dirishani.

Hatua ya 2: Vya kununua hapa hapa

Duka la vifaa vya ujenzi litakupa msasa wa maji namba 400, 800, 1000 na 1500, supa gluu, tina, praima nyeupe (rangi ya kwanza ya kushikia nyingine) na tepu ya mafundi rangi. Maduka ya rangi za magari yana pati laini kuliko ile ya ukutani, chukua hiyo. Duka la dawa lina bomba la sindano la kupimia rangi na pamba. Duka la vipodozi lina kibano cha nyusi. Chagua chenye ncha kali iliyochongoka, si kile cha ncha pana. Ongeza wembe, kisu cha steshenari chenye makali ya kukatika, brashi namba 0 na namba 2 za wachoraji, na siki nyeupe.

Gundi ya plastiki yenyewe ndiyo ngumu kuipata. Gundi nzuri ya modeli haigandishi tu, inayeyusha kidogo kingo mbili za plastiki zikawa kitu kimoja. Ukiikosa, supa gluu itashika, ila inakauka haraka na kiungo chake kikigongwa kinaachia. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha iache kabisa, kwa sababu inakula plastiki na kuacha sura ya uji.

Hatua ya 3: Kujiandaa na hali ya hewa ya Dodoma

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wanaoishi kwenye unyevu. Wao wanahangaika rangi ikauke. Sisi tunahangaika isikauke mapema.

Kiangazi hewa yetu ni kavu, na kuanzia kama Juni hadi Oktoba upepo unabeba vumbi siku nzima. Hewa kavu inaifanya plastiki ivute vumbi kwa umeme tuli: ukiisugua kwa kitambaa kikavu ili kuisafisha, unaiongezea nguvu ya kuvuta. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni ya vyombo, kisha iache ijikaukie ndani ya boksi lililofunikwa.

Rangi ipulize alfajiri, saa kumi na mbili au saa moja, kabla upepo haujaamka na bati halijapata moto. Nyunyiza maji sakafuni robo saa kabla ya kuanza ili vumbi litulie, funga madirisha ya upande wa upepo, zima feni. Vaa barakoa, na acha upenyo mmoja upande usio na upepo, kwani mvuke wa tina si wa kuvutwa. Andaa kartoni kubwa ya kufunikia kila kilichopakwa rangi; kikae humo hadi kikauke. Chamchela ikipita uani na umeacha bawa lenye rangi mbichi dirishani, kazi hiyo inarudi kwenye msasa.

Jambo la pili ni maji. Mengi ya mjini yanatoka visima vya Makutupora, upande wa Mzakwe, na mwenye birika la umeme anaujua ule ukoko mweupe unaobaki ndani yake. Ukoko huo huo utabaki kuzunguka kila dekali kama doa la chokaa, na kwenye rangi nyeusi au ya bluu hausitiriki. Kwa kazi ya dekali tumia maji ya kunywa ya chupa tu. Nusu lita inatosha ndege nzima.

Hatua ya 4: Vipuri vya ziada, kabla hujafunga bodi

Kampuni kadhaa zinauza vipande vya kuboresha boksi la mtu mwingine. Eduard ya Czech inajulikana kwa mabamba ya shaba yaliyochongwa kwa asidi na vipande vya resini (plastiki ngumu inayomiminwa kwenye kalibu), na kuna wengine wanaotengeneza mirija ya chuma iliyokerezwa, magurudumu na tepu zilizokatwa tayari kufunikia vioo. Vinavutia sana, na bei zake zikijumlishwa zinapita bei ya boksi lenyewe bila wewe kujua.

Kipimo changu ni kimoja: simama hatua mbili kutoka kwenye rafu. Kitakachoonekana kutoka hapo kinunue, kisichoonekana kiache. Kwenye 787 ya 1/144 chumba cha rubani huwezi kukiona, kwa hiyo viti na dashibodi vya shaba ni fedha iliyofungiwa gizani. Antena nyembamba za mgongoni na tumboni zinaonekana, kwa sababu za plastiki kwa kawaida ni nene mno. Magurudumu ya resini yanaonekana. Kwenye DC-3 ya 1/72 hesabu inabadilika: injini za mviringo ziko wazi kwa mbele, na silinda za resini zinaibadilisha sura ya ndege nzima.

Shaba iliyochongwa inahitaji mkono mpole. Iweke juu ya kipande cha kigae cha sakafuni, ukate kwa kubonyeza makali ya kisu badala ya kuvuta. Ukikata juu ya ubao au kitabu, shaba inazama na kupinda. Kabla ya kukata, bandika kipande cha tepu juu ya kile unachokikata, la sivyo kitaruka na hutakiona tena. Kipande kinachotakiwa kujikunja kipitishe sekunde chache juu ya moto wa mshumaa au kibiriti cha gesi, kiache kipoe. Shaba italainika na kukubali mkunjo. Futa masizi, gandisha kwa supa gluu. Gundi ya plastiki haifanyi kitu kwenye shaba wala kwenye resini.

Resini ioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, kwani inatoka kiwandani na mafuta yanayofanya rangi isishike. Vumbi lake lina madhara mapafuni. Isugue ikiwa imelowa maji, vaa barakoa, na meza ifute kwa kitambaa chenye maji, usiipulize. Kipande cha resini kilichopinda kwa joto la safari kichovye kwenye maji ya moto, kinyooshe kwa vidole, kisha kwenye maji ya baridi kikiwa kimenyooka.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Hapa sitakaa sana, kwa sababu karatasi ya maelekezo ya boksi inatosha. Kata vipande kutoka kwenye fremu yake mbali kidogo na kipande, kisha malizia kibaki kwa wembe na msasa. Jaribu kila kiungo kikiwa kikavu kabla ya gundi.

Kitu kimoja maelekezo yanaweza kukitaja kwa herufi ndogo: uzito wa pua. Ndege yenye gurudumu la mbele itakaa kwa mkia kama pua haina mzigo. Tumia nati ndogo za chuma au vyuma vizito vya kuzamishia ndoano ya samaki, vigandishe ndani ya pua, kisha shikilia nusu mbili za bodi na mabawa kwa tepu na uisimamishe ndege mahali pa magurudumu makubwa. Ikielemea mbele, funga. DC-3 inasimama kwa gurudumu la nyuma, haina haja hiyo.

Kiungo cha mgongoni na tumboni lazima kipotee kabisa, kwa sababu maandishi makubwa ya Air Tanzania yatapita karibu nacho. Paka pati, iache usiku mzima, sugua kwa msasa 400 ukienda hadi 1000 wenye maji. Funga macho, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, bado.

Hatua ya 6: Rangi nyeupe na mng'ao

Nyeupe ni rangi ngumu kuliko zote, kwa kuwa haifuniki upesi na inaonyesha kila uchafu. Paka praima, sugua kidogo kwa msasa 1500, kisha tabaka tatu au nne nyembamba sana za nyeupe, kila moja ikingoja iliyotangulia. Ukitumia kopo la rangi ya magari, jaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki. Tina kali ya baadhi ya makopo inaikunja plastiki, na dawa yake ni tabaka la kwanza jepesi kama ukungu, lililopulizwa kutoka mbali kidogo.

Wenye brashi ya hewa, yaani kifaa kidogo cha kupulizia rangi, na kompresa watakutana na tatizo la hapa kwetu: rangi ya maji inakauka ikiwa bado hewani na inatua kama mchanga. Sogeza brashi karibu, iwe sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye bodi, ongeza maji au tina yake kidogo kwenye rangi, punguza nguvu ya hewa. Ukipitisha kidole juu ya rangi iliyokauka ukahisi ukakasi, sugua kwa msasa 1500 wenye maji urudie. Mabawa ni ya kijivu. Yapake baada ya nyeupe, ukiwa umefunika bodi kwa tepu.

Sasa tabaka ambalo watu wanaliruka, na ndilo linaloamua kila kitu: vanishi inayong'aa. Rangi isiyong'aa ukiitazama kwa kioo cha kukuzia ina mabonde na vilima. Dekali ikitua juu ya vilima, hewa inabaki mabondeni, na mwanga ukiipiga hewa hiyo unaona weupe wa fedha chini ya alama. Ukishatokea, kuuondoa ni shida. Vanishi ya maji inayong'aa, tabaka mbili nyembamba, inajaza mabonde hayo. Iache siku mbili ndani ya kartoni. Ikikauka, taa ya chumbani ionekane juu ya bodi yenye kingo zilizonyooka. Ikionekana kama wingu, ongeza tabaka.

Hatua ya 7: Kuchora alama

Pakua Inkscape, programu ya bure ya kuchora. Tafuta picha ya 5H-TCG iliyopigwa ubavuni kabisa, kutoka mbali, ndege ikiwa sambamba na kamera. Picha za mtandaoni zipo nyingi, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda kusimama kwenye uzio wa uwanja wa ndege na kamera bila ruhusa.

Ingiza picha kwenye programu, kisha ivute hadi ndege, kutoka pua hadi mwisho wa mkia, iwe na urefu wa milimita 394. Hapo umeshamaliza hesabu zote. Kila herufi, kila mstari na kila dirisha kwenye picha hiyo sasa viko kwenye kipimo cha modeli yako. Jihakikishie kwa dirisha la abiria: la 787 lina urefu wa karibu sentimita 47, kwa hiyo kwenye skrini linatakiwa kukaribia milimita 3.3. Likiwa mbali na hapo, picha imepigwa kwa pembe, tafuta nyingine.

Chora juu ya picha kwa mistari: jina la shirika, twiga, namba ya usajili, jina lililoandikwa karibu na pua, bendera. Twiga mchukulie muda. Macho ya kila atakayeitazama ndege yako yataanzia mkiani, na twiga mwenye shingo nene au masikio yaliyokaa vibaya hawezi kusitiriwa na kazi nzuri ya mabawa. Rangi usizinyonye moja kwa moja kutoka kwenye picha ya jua kali. Linganisha picha tatu au nne na uchague kati yake.

Umbo la mkia usiliamini kutoka kwenye picha. Bandika tepu pana juu ya mkia wa modeli yenyewe, pitisha penseli kwenye kingo zake, ibandue uibandike kwenye karatasi nyeupe, iskani, na chora twiga ndani ya umbo hilo. Acha milimita moja ya ziada pembeni.

Panga seti mbili au tatu kwenye karatasi moja ya A4, kwa sababu moja itachanika. Ukibadilisha G ya mwisho iwe J, na jina la puani, unayo tayari namba ya ndege ya pili ya aina hiyo, 5H-TCJ, iliyokuja mwaka 2019. Alama hizi ni mali ya shirika: ndege ya rafuni kwako haina shida, lakini usizichape za kuuza.

Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Kata, bandika kwa selotepu kwenye modeli, rudi nyuma utazame. Rekebisha. Chapa tena. Karatasi ya kawaida ni bei ya chini, ya dekali si ya kuchezea.

Hatua ya 8: Kuchapa

Kuna karatasi za printa za wino na karatasi za printa za leza. Usizichanganye. Printa ya leza inachoma unga wa rangi kwa rola za moto, na karatasi ya wino ikipita humo inaweza kuyeyuka na kuharibu mashine ya mtu. Mashine nyingi za rangi kwenye steshenari zetu ni za leza, kwa hiyo agiza ya leza, nenda na pakiti yake, mwonyeshe mwenye duka maandishi kabla hujampa faili. Mwombe apitishe kwenye trei ya mkono, achague karatasi nzito, na achape kwa kipimo halisi asilimia 100. Printa zikiachwa zijiamulie hupunguza ukubwa kidogo ili ukurasa utoshe, na twiga wako anapwaya mkiani.

Chagua karatasi yenye ngozi angavu. Printa hizi hazina rangi nyeupe. Panapotakiwa kuwa peupe zinaacha wazi. Kwa bodi nyeupe hilo ni faida. Lakini rangi za printa zinapitisha mwanga, kwa hiyo alama ya njano juu ya bluu iliyopakwa kwa brashi itageuka kijani. Pale alama inapokaa juu ya rangi nyingine, chapa alama pamoja na rangi ya chini yake kama kipande kimoja, na chini uache rangi nyeupe.

Ukitumia printa ya wino ya nyumbani, iache karatasi saa kadhaa, kisha ipulizie vanishi angavu ya akriliki mara tatu, nyepesi sana. Tabaka la kwanza likiwa zito, wino unatembea. Hata za leza mimi nazipulizia mara moja, kwani unga wa rangi hukwanguka kwenye mikunjo.

Hatua ya 9: Kubandika

Fanya jioni, feni ikiwa imezimwa. Weka mbele yako kisosi cha maji ya chupa ya uvuguvugu, kibano, brashi mbili laini, pamba, na kitambaa cha fulana ya zamani kisichotoa nyuzi. Ukiwa na Micro Set na Micro Sol za Microscale, vizuri sana: ya kwanza inasaidia dekali kushika, ya pili inailainisha ifuate umbo. Ukikosa, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inafanya kazi ya ile ya kwanza kwa kiasi chake.

Anza na alama ya seti ya akiba kwenye kipande cha plastiki kilichopakwa rangi ile ile. Dawa ya kulainisha inaweza kuwa kali kwa ngozi ya dekali ya kujichapia, na ni heri ujue hilo kwenye kipande cha taka.

Kata alama karibu kabisa na rangi. Dekali za kiwandani zina ngozi inayoishia pembezoni mwa kila alama; karatasi ya kujichapia ina ngozi ukurasa mzima, na ukingo utakaouacha utaonekana. Ichovye sekunde kama 15, itoe, iweke juu ya kitambaa chenye maji, ngoja dakika moja. Gundi inalainika chini. Usiisukume kabla haijakubali kuteleza yenyewe kwa kuguswa na brashi.

Lowesha mahali pa kubandika, tena lowesha sana. Hapa ndipo ukavu wetu unapowaumiza watu: maji yanakauka kabla hujanyoosha mstari, dekali inashika ikiwa imepinda, ukivuta inachanika. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kisosi linasaidia maji yasikimbie. Peleka karatasi karibu na bodi, telezesha alama kwa brashi kutoka kwenye karatasi hadi mahali pake. Ikianza kushika kabla ya wakati, pitisha maji ukingoni kwa brashi na usubiri yaingie chini.

Ikikaa sawa, nyonya maji kwa ncha ya pamba kuanzia katikati kwenda nje. Usisugue. Kisha dawa ya kulainisha, tone moja. Ndani ya dakika mbili dekali itakunjamana kama imeharibika. Iache kabisa, mkono mbali. Itajinyoosha yenyewe inapokauka, na mistari ya paneli itaonekana kupitia humo. Kiputo cha hewa kikibaki, kitoboe kwa sindano nyembamba, weka tone jingine.

Anza na mkia, upande mmoja kwa siku. Ile milimita ya ziada ikunje kwenye ukingo wa mbele, na ya nyuma ikate kwa wembe mpya ikishakauka. Baada ya mkia fanya maandishi makubwa, kisha madirisha, na namba ya usajili mwisho. Madirisha ni mstari mrefu unaopinda kirahisi: ukate vipande vitatu au vinne kwenye milango, na bandika kwanza mkanda wa tepu chini yake uwe rula. Vipande virefu usivishike kwa kibano. Vibebe kwa brashi mbili.

Ukitumia dekali za zamani zilizogeuka njano, usizitupe. Ziweke kwenye mfuko angavu wa kufunga na uzibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua. Baada ya siku kadhaa za jua la Dodoma njano hupungua sana. Zile zinazovunjika zikigusa maji zinahitaji vanishi angavu juu kabla ya kukatwa.

Hatua ya 10: Kufunga kazi

Siku ya pili pitisha kitambaa chenye maji ya chupa kuondoa gundi iliyobaki pembezoni, la sivyo itageuka kahawia chini ya vanishi. Kisha tabaka mbili nyepesi za vanishi. Ndege ya abiria inaoshwa na inang'aa, kwa hiyo tumia ya kung'aa au ya mng'ao wa wastani; ile butu waachie wenye ndege za kijeshi. Ukingo wa dekali ukionekana bado, sugua taratibu sana kwa msasa 1500 wenye maji na upulizie tena.

Antena za shaba, magurudumu na taa za ncha za mabawa viweke mwisho, kwa sababu ndivyo vinavyovunjika wakati wa kushika bodi.

Usiiweke chini ya bati lisilo na dari wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Plastiki nyembamba ya mabawa inalegea. Iweke kwenye kabati la kioo, au itafutie boksi la plastiki angavu la kuwekea keki, linatosha mabawa ya sentimita 42 ukiigeuza mshazari. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi, kutoka pua kwenda mkiani. Karatasi ya dekali iliyobaki ilaze katikati ya kitabu kizito ndani ya mfuko uliofungwa, kwani ikiachwa wazi kiangazi inajikunja na ngozi yake inapasuka.